Kitufe cha Kushoto

Kwa Prochesi, Kiborloni, nyuma ya marobota ya mitumba,
pedi za gemu zilikuwa mbili.
Ya kwanza ilikuwa ya Anaeli na wavulana wenye sarafu.
Ya pili ilifungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli,
kitufe chake cha kushoto kilikufa kabla sijaingia darasa la tatu.
Dakika kumi, shilingi hamsini.
Nikapewa hiyo.

Basi maoni yangu myapokee hivyo:
ni maoni ya mtu ambaye kwake kushoto hakuendeki.

Gemu ya ngumi naiweka juu ya zote.
Mwenye pedi ya pili husimama kulia mwa kioo,
kwa hiyo kushoto ndiko mbele, ndiko kwa adui.
Sikuweza kumfuata mtu.
Nilisimama pale kama mwenye duka,
nikasubiri waje. Wakaja, na haraka zao, na matusi yao,
nikawapokea kwa teke moja, lile lile,
mpaka Anaeli akatangaza kwamba kwetu kuna dawa.

Mpira? Mpira ulinionea.
Kipindi cha kwanza nilipigwa saba, nane,
wachezaji wangu wamerundikana kwenye kibendera cha kulia.
Timu zikibadilishana magoli ndipo nilipopata miguu,
na muda nao umekwisha,
Prochesi anagonga meza kwa funguo.

Magari sitaki kuyasikia.
Barabara haina shimo, haina ng'ombe, haina trafiki wa Himo.
Hiyo si gemu, ni tangazo la lami.

Ya maiti wanaotembea ilitutisha mpaka siku spika ilipoungua.
Bila muziki wakawa walevi wa Jumamosi wanaorudi Pasua.
Tulicheka hadi tukafukuzwa.

Nyoka, yule wa kwenye simu ya shangazi Evarista,
nilimheshimu.
Vitufe vyote vizima,
na anayekuua ni mkia wako mwenyewe.
Shangazi alikuwa akisubiri simu ya mnunuzi wa kahawa;
niliikata mara mbili kwa ajili ya nyoka.
Nilichapwa.
Sijutii: nilikuwa na alama mia nne na kumi.

Halafu ikaja miaka ya ofisi, karibu na mnara wa saa,
nikawa mkulima wa kwenye simu, chini ya meza.
Mama akashuka kutoka Kilema, akalichungulia shamba langu.
"Migomba hii inakula mbolea gani?
Na majani ya ng'ombe, nani anabeba?"
Nililifuta usiku ule ule.

Na hizi za peremende zinazopasuka, nasema wazi: wizi.
Wanakupa roho tano, kisha wanakuuzia ya sita.
Prochesi naye aliiba dakika,
lakini ukilia alikuongezea.

Sasa Elinami, miaka tisa,
anajenga kwa vitalu sebuleni kwetu, Soweto.
Hakuna wa kumshinda, hakuna mwisho.
Nilimwambia hiyo si gemu, ni ufundi usio na malipo.
Alinitazama vile nilivyomtazama mama.
Ila jana alikuwa amejenga kihamba cha bibi,
mfereji unapita palepale unapopita,
hata lile jiwe la kufulia lipo,
na akaninyooshea pedi ya pili. Mpya. Bado ina nailoni.

Kukaingia usiku mle ndani.
Vitu vyenye macho mekundu vikatoka migombani.
"Mama, kushoto! Kushoto!"
Kidole gumba kiko juu ya kitufe,
kitufe ni kizima,
najua ni kizima.

"Ngoja," nikamwambia.
"Waje."