Kumbukumbu za Kikao cha Nne

Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika
nani kasema nini, saa ngapi, nani kaunga mkono.
Ghorofa ya sita, Nonthaburi, dirisha halifunguki,
kipoza hewa kinakohoa kama mtu anayekataa kwenda kupimwa.

Ajenda ya tatu: figo.
Daktari Wichian akawasha picha ukutani,
mstari mwekundu, mstari wa buluu.
Inapokutana, akasema, ndipo nchi inapomudu.

Ama mashine ya kusafisha damu, hospitalini, mara tatu kwa wiki,
ama mifuko ya maji ya dawa, lita mbili mbili,
ifikishwe na posta hadi mlangoni,
mgonjwa ajijaze tumboni mwenyewe, mara nne kwa siku,
mikono ikiwa misafi.

Nikaandika: mikono ikiwa misafi.

Bi Suphaphon wa hazina akauliza bei.
Bei haina haya, hujitaja kwa sauti.
"Kwa mwaka mmoja wa uhai?"
"Wa uhai wenye ubora."
"Na ubora mnaupima kwa nini?"
Kijiko kikagonga kikombe.
"Kwa maswali matano. Unatembea? Unajiosha?
Unafanya shughuli zako? Unaumwa? Una huzuni?
Mzima ni moja. Maiti ni sifuri."
"Na aliye katikati?"
"Desimali."

Hapo kalamu yangu ikasita.
Shangazi Bunruean, kule Surin,
ni sifuri nukta sita na kitu,
na hicho kitu ndicho kinachocheka
kuku akimwibia mchele.

Niliwahi kumpeleka kwenye mashine, saa mbili na nusu kwa gari la kukodi.
Alirudi kijivu kama tambara la deki:
"Leo damu yangu imetembea kuliko mimi."
Sasa mifuko huipanga chini ya kitanda,
mmoja huutundika kwenye msumari wa chandarua.
Hunawa hadi viwikoni. Hunawa tena.
Siku moja mjukuu alilia, akamkimbilia,
akarudi akashika mrija.
Maji yakamtoka tumboni na ukungu,
kama yaliyooshewa mchele.
Siku kumi na moja wodini.
Sikuona mstari wa buluu wa mtoto anayelia.

Rahisi ghali, walisema wahenga.
Wahenga hawakuachiwa bajeti ya nchi.

Maana Profesa Kritsada, aliyestaafu, asiyepaza sauti,
alisukuma karatasi tupu katikati ya meza:
"Mkichagua mashine kwa wote, sawa.
Ila fedha zitaisha mwezi wa nane.
Wa mwezi wa tisa, nani atawaandikia barua?"
Karatasi ikabaki pale. Hakuna aliyeigusa.
Mimi nilitazama mikono yangu.

Kisha muuguzi Malai, kutoka Roi Et,
aliyeitwa kushuhudia na kusahauliwa kwenye kiti cha ukutani:
"Hesabu yenu haina sabuni.
Haina bomba wala beseni, haina mtu wa kupita
kutazama kama mgonjwa bado anaona alama kwenye mfuko.
Mifuko ni sawa. Mifuko peke yake ni kumtelekeza mtu kwa bei nafuu."

Suphaphon akabonyeza kikokotoo. Akabonyeza tena.
"Tumevuka kikomo kwa baht elfu saba kwa kila mgonjwa."
"Na wodi ya siku kumi na moja?" Malai akauliza. "Iko safu gani?"
Wichian akatafuta safu.
Akaitafuta muda mrefu kuliko ninavyoruhusiwa kuandika.

Saa kumi na dakika ishirini. Saba wameunga mkono, wanne wamepinga.
Mifuko kwanza. Sabuni imo.
Muuguzi atapita kila mwezi wa pili, si kila mwezi;
hapo ndipo elfu saba zilipokatwa.
Aliyeugua tumbo mara mbili ahamishiwe mashine.
Mara mbili, si moja. Nililiandika hilo pia, kwa mwandiko ule ule.

Usiku nikampigia shangazi.
Siruhusiwi kusema yaliyoamuliwa.
"Umenawa?"
"Nimenawa. Wewe je, umekula?"