Kisukari

Muuguzi wa zamu alitamka: kisukari.
Mama, Numwagile, akacheka.
"Kisukari ninacho, mwanangu, mashina sita nyuma ya choo,
vidole vyake vifupi kama vya mtoto mchanga,
ukikimenya kimoja, jirani anaamka."
Muuguzi hakucheka. Alimshika mkono,
akachagua kidole, akakichoma,
na kimashine kikasoma kumi na saba.

Tulirudi kwa miguu, ukungu wa Tukuyu umetutangulia.
Njia nzima mama anahesabu migomba ya watu:
mzuzu wa akina Lwitiko, matoki ya kanisani,
mmoja umeinama mno, hakuna aliyeuwekea nguzo.
"Ukungu na mkungu," akasema,
kisha akanyamaza hadi mlangoni.

Mimi nauza ndizi Ushirika, mwaka wa kumi na moja.
Nilidhani nazijua.
Mbichi hupanda Fuso, zikaivie mbele ya safari.
Za manjano ni za abiria wa Kyela,
mkono dirishani, chenji haijatimia, basi linaondoka.
Zenye madoa, bibi asiye na meno na mtoto anayeota meno.
Nyeusi kabisa humsubiri Anyitike,
anazikanda na unga, anakaanga,
halafu ananiuzia mimi.
Kumbe muda wote huo nauza tunda moja
linalobadili maneno yake kila kukicha.

Muuguzi alichora nyuma ya kadi ya kliniki:
hapa, kwenye kijani, wanga mkaidi,
unapita tumboni taratibu, haukimbilii damu.
Hapa, siku ya nne, umeanza kulainika.
Hapa kwenye madoa, akakoleza kalamu,
wanga umekwisha kuwa sukari, nayo haibishi hodi.
Nikauliza, na yale madini ya moyo?
Akasema yamo, bichi na bivu, hayahami.
Anayehama ni huyu mmoja.

Basi nikapika mbalaga ya ndizi bichi,
maharage mengi, mafuta kidogo, chumvi ya kuonja tu.
Mama akala kama anayesikiliza mahubiri marefu.
"Zinakwaruza," akasema.
Jumatatu zilikwaruza. Jumanne zilikwaruza.
Alhamisi akaniuliza kama ile kadi
haina upande mwingine.

Stoo yetu ina shimo la kuvumbikia,
majani makavu juu, gunia, kisha jiwe.
Wahenga walisema mvumbika changa hula mbovu.
Juu ya mvumbikaji anayeamka saa nane usiku
hawakuacha neno.
Nilipotandika kitanda chake nilikuta maganda manne
chini ya godoro, yamekunjwa vizuri
kama barua za mtu aliyekufa Kopabelti.
Nikayarudisha palepale.
Usinihukumu. Ni mama yangu,
na ulimi wake ulizaliwa kabla ya kimashine.

Asubuhi nilimkuta uani na mkungu mzima,
mvua nyembamba, kanga kichwani.
Anapita chane hadi chane, anabonyeza kwa dole gumba
(lilelile, lenye alama ya sindano),
anasikiliza kama anayebisha mlango wa mgonjwa.
"Hizi za Fuso. Hizi za sufuria.
Hizi mpelekee Ipyana shuleni, anakimbia sana yule,
ataziunguza kabla ya kengele."
Akafika kwenye kimoja, manjano,
kikonyo bado kijani.
Akakiinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja.
"Hiki," akasema, "bado hakijafika saba."

Nilitaka kumwambia haisomwi hivyo.
Akakimenya, akakikata katikati kwa kisu cha matoki,
nusu akaniwekea kiganjani, nusu akaitafuna
taratibu sana, kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.
Kisha akageuka kufunika shimo,
na akidhani simwoni,
akalamba kisu.