Chupa Nne

Aliyeniona mgonjwa si mimi, ni wali.
Uliungua mpaka sufuria ikatoka magamba
nami nimekaa papo hapo, nachambua kisamvu,
hadi Shumbana akapiga kelele juu ya kitalu:
"Raya! Huna pua?"

Sina. Tangu ile homa ya Rajabu.

Benchi la spitali ya Wete, tulikuwa watatu.
Faki Hamadi, aliyeanguka mkarafuu akapiga kisogo:
mfupa umeunga, asema, harufu haikurudi nao.
Na kijana wa Mtambwe, akoroma yu macho,
vinyama vimemwota puani, vyeupe
kama shokishoki lililomenywa.
Huyo atakatwa, na Idi atanusa pilau.

Mimi Dakta Khelef alinimulika tochi.
"Njia nyeupe, mama. Hamna kizuizi."
Nikafurahi, mjinga mimi.
"Basi kilichoharibika kiko juu zaidi,
nyuzi nyembamba kushinda za hariri.
Homa imezipitia."

Akanifunga macho kwa kitambaa.
Chupa ya kwanza: maji.
Ya pili: maji.
Ya tatu ikanichoma hadi machozi, nikaruka:
"Hii naijua!"
"Huo muwasho, mama, si harufu. Neva nyengine hiyo."
Ya nne, vitu vikagonga kioo,
vijiti vidogo vyenye vichwa.
"Karafuu," nikasema.
"Umesikia harufu?"
"Nimesikia mlio."
Akaandika kitu kirefu.

Sikumwambia kuwa ni mimi nipikae udi wa maharusi,
na kwamba sasa mwanangu Mize ndiye anayenusa chungu,
akiniongopea: "Umewiva, mama, umewiva."
Wala habari ya sanduku.
Shati la marehemu, miaka minne silifui, makusudi.
Juzi nimelifunika uso:
nguo. Nguo tu.

Dawa yenyewe hii: asubuhi na jioni,
karafuu, ndimu, mchaichai, kahawa,
nusa kimoja kimoja, na ukikumbuke.
Miezi sita. Pengine mwaka. Pengine,
akasema, akaanza kutafuta kalamu
iliyokuwa mkononi mwake.

Leo siku ya arubaini na moja.
Kahawa, bure. Mchaichai, bure.
Ndimu —
"Mize! Kuna kinachoungua?"
Akaenda jikoni, akarudi. Hakuna.
Ni ndimu. Inanuka moshi, mpira uliochomwa,
harufu chafu, ya uongo,
na ni yangu.

Nimelala nayo chini ya mto.