Doa la Nani

Julai, Mlowo. Baridi imeketi nasi mezani,
wanawake kumi na wanne, viganja juu ya buni,
na mimi na miwani yangu mpya
iliyonigharimu madebe manane ya mahindi
na kuku mmoja ambaye sitaki kumzungumzia.

Siku ya kwanza niliona mpaka kucha za Tusekile.
Niliona nyuzi za gunia, nikazihesabu.
Siku ya tatu likaja doa.

Dogo. Dogo kuliko nukta ya kalamu iliyochongwa upya.
Kushoto, chini kidogo ya katikati,
pale hasa jicho linapoinama kutafuta kasoro.

Nikafuta kwa pindo la kitenge.
Nikapulizia pumzi, nikafuta.
Nikaiosha kwa sabuni ya kipande na maji ya uvuguvugu
kama anavyooshwa mtoto wa siku saba.
Doa likabaki, halina habari.
Nikapitisha ukucha upande wa nje: laini.
Upande wa ndani: laini.
Basi halikuwa juu ya kioo. Lilikuwa mle ndani,
kama neno alilolimeza mtu mbele ya wakwe.

Usiku Asajile alinishikia tochi ya simu
huku akiuliza nimeanza lini ufundi saa.
Mbele ya ukuta mweupe, likapotea.
Mbele ya sufuria yenye masizi, likawaka,
na halikuwa moja. Matatu:
mama na wanawe wawili, wamejibanza.

Kabla sijalala na jambo hilo vizuri
mnyapara akaja na kapu langu la mabovu.
"Mama Lugano, miaka ishirini na miwili
kapu lako halijapita la wenzako.
Wiki hii limejaa mara mbili."
Akamimina. Tukatazama wote:
buni nzima, rangi ya bahasha ya serikali iliyonyeshewa,
hazina tundu la mdudu, hazijachacha,
zimehukumiwa bila shahidi.
Niliona haya hadi magotini.

Jumamosi, Mbeya, duka la miwani kule Uhindini.
Loleza alikuwa amejifunika shuka lake la ukungu.
Kijana Ambwene akaanza, "Umeikwaruza, mama,"
kisha akaiweka chini ya taa,
akaigeuza, akanyamaza.
Nilimpenda kwa kule kunyamaza.

"Kiputo," akasema. "Hewa.
Huwa wanaimimina ikiwa kama uji.
Hewa ikachelewa kutoka, uji ukaganda."

"Hewa ya wapi?"

Akacheka. Hajui. Zinakuja kwenye boksi.
Kwa hiyo nimebeba usoni hewa ya mji nisioujua jina,
labda mtu alipiga mwayo kando ya tanuru,
na mwayo wake sasa
unachambua kahawa ya Mbozi.

"Tuachie hii. Nyingine wiki tatu, bure."
Wiki tatu gizani, msimu umechachamaa?
Nikaivaa. Nikarudi nayo.

Sasa nina mbinu, sijamfundisha mtu.
Punje ikinitia shaka, sikimbilii kuitupa.
Natikisa kichwa kidogo, kama anayekataa chai ya pili.
Doa likinifuata, ni langu.
Likibaki kwenye punje, ni la punje.
Kapu limepungua. Mnyapara hasemi kitu,
na kwake hiyo ni sifa.

Jana Tusekile alimnong'oneza mpima mizani,
wakacheka, wakanitazama.
Namjua yule. Miaka tisa namjua;
nilishamtia kwenye kapu zamani,
tangu ule msiba wa Vwawa na sahani zilizopotea.
Nikainua uso.
Nikatikisa kichwa,
mara moja kulia, mara moja kushoto.

Doa likasogea.
Si lote.