Safu ya Mengineyo

Fomu ya mwezi ina safu sita.
Magogo. Mbao. Nguzo. Kuni. Mkaa.
Ya sita, nyembamba, imesukumwa ukingoni
kama mtoto wa kambo kitandani: Mengineyo.

Mimi ni karani wa kizuizi cha Tutuo,
barabara ya Sikonge, vumbi hadi kwenye kope.
Nina kalamu, nina futikamba,
nina nyundo yenye herufi za serikali usoni.
Gogo likishalipiwa naligonga kichwani mara moja,
ko!
na tangu hapo si mti tena, ni ujazo.

Mninga hauijui hesabu hiyo.
Siku ya tatu tangu uangushwe bado unavuja wekundu.
Mwezi uliopita tone liliniangukia karatasini,
juu kabisa ya tarakimu.
Ofisi ya Tabora ikanirudishia: Andika upya. Safi.
Niliandika upya. Safi.
Ile yenye doa ninayo nyumbani.

Baba yangu, Nshoma, alikuwa mtu wa chini.
Aliyewahi kupasua mbao kwa mkono atanielewa:
mmoja juu ya gogo, anauona mstari
uliopigwa kwa uzi na weusi wa betri kuukuu;
mwenzake shimoni, anavuta asichokiona,
na kila mvuto unammwagia unga machoni.
Wa juu alikuwa Kaswimbi.
Ndiye aliyepokea fedha, ndiye aliyesema "mbao zangu".
Mbili kwa sita zilipanda treni, zikaenda ziendako.
Baba akarudi na nywele nyekundu,
akajikung'uta mlangoni, mama akifoka:
"Huo msitu uuache huko huko nje!"

Haukubaki nje. Uliingia kwenye mashuka, kwenye ugali,
kwenye kikohozi anachokohoa hadi leo.

Jana, jua likielekea kuzama, akaja Kalunde wa Ipole
anakokota baiskeli, kinu kimefungwa nyuma kwa mpira.
"Walichukua gogo," akasema, "kisiki wakaniachia.
Nimechonga wiki mbili. Nalipia?"

Sikujua. Kitabu cha kanuni hakisemi kinu.
Nikapima kimo. Nikapima mdomo.
Nikaanza kuzidisha, kisha kalamu ikasita:
tundu la ndani nilitoe, au nilihesabu?

Akaniona nimekwama, akacheka hadi baiskeli ikayumba.
"Na shimo nalo, mwanangu, ni mali ya serikali?"

Shimo la baba lipo mpaka sasa, porini kule kule Ipole.
Kingo zimemomonyoka, nyasi zimeota.
Masika linashika maji, na nyuki wa mizinga ya jirani
wanashuka kunywa pale aliposimama
miaka kumi na minne, uso juu, macho yamefumbwa.
Hakuna aliyewahi kuja na futikamba.

Nilimfungulia Kalunde kizuizi.
Nyundo sikuitumia; kinu kingepasuka.
Usiku, kwa taa ya simu, nikajaza fomu:
magogo, ujazo wake; mbao, ujazo wake;
mkaa, magunia, kama wenyewe walivyoapa.
Halafu kwenye ile safu nyembamba,
herufi zikibanana:

Kinu, kimoja.
Shimo halikupimwa.