Chomoa Kwanza

Umeme umekatika. Redio zote za Masasi zimenyamaza,
na hapa uani msumeno umezunguka, umezunguka,
ukakomea katikati ya ubao wa mninga.

Usitie mkono, Bakili.
Umesinzia tu, haujazimwa.
Chomoa plagi kwanza, ndipo uvute ubao.

Glavu vua. Mikono ya shati kunja;
jino likinasa uzi, linadai na kiganja.
Simama upande, ubao hupiga teke.
Kipande kifupi kisukume kwa kijiti:
hiki hapa, cha mkorosho, kimeng'atwa mara tisa
kwa niaba yangu.

Mwaka ule sikuwa nacho.
Umeme uliporudi, watoto wa mtaa walishangilia,
"Umerudiii!"
Ukelele wangu ukapotelea humo.