Siku Thelathini Kuanzia Leo

Saa tatu na dakika kumi, Sunderland, mvua inapiga kioo kwa ubavu,
simu ya nne tangu nikae:
Bibi Enid Fairlamb, wa Alnwick, namba kumi na tisa,
anataka kukata intaneti.

Namwambia nilivyofundishwa.
Notisi ni siku thelathini kuanzia leo,
si kuanzia siku aliyoandika barua
(barua, anasema, aliituma Februari, kwa stempu ya daraja la kwanza;
barua hatupokei, mama, tunapokea simu).
Mkataba ni wa miezi ishirini na minne,
amekula kumi na mitatu, imebaki kumi na mmoja:
pauni mia mbili arobaini na mbili.
Ruta isiporudi, arobaini na tano juu yake.

"Nilitia saini mlangoni," anasema.
"Kijana na kibao chake cha kioo, viatu vimelowa chapachapa.
Nikampa biskuti. Nikaandika jina kwa kidole,
kama mtoto kwenye ukungu wa dirisha."

Skrini yangu haina kisanduku cha biskuti.

"Na hizo siku thelathini," anauliza, "nyumba imeshauzwa,
funguo natoa Ijumaa. Intaneti itakuwa inamjia nani?"

Nayaona, sijui kwa nini, mashimo ya miguu ya kabati kwenye zulia,
taa ya kijani inakonyeza ukuta usio na picha,
na kile kitu tunachokiuza kinapanda ngazi,
chumba hadi chumba,
kinatafuta wa kumpa hali ya hewa.

Waliosema dawa ya deni ni kulipa hawakufanya kazi humu.
Humu dawa ya deni ni neno.
Lipo ukurasa wa arobaini na moja wa mwongozo:
mteja anayehamia nyumba ya matunzo hatozwi.
Na chini yake, kwa wino mzito:
mhudumu asilitaje. Mteja alitaje mwenyewe.

"Unahamia wapi, Bibi Fairlamb?"
"Fleti. Fleti nzuri, inatazama mto."
"Peke yako?"
"Nina majirani kila upande."
"Na kupika?"
"Siku hizi sina hamu ya kupika."

Anajenga ukuta, mama wa watu, tofali juu ya tofali,
na kila tofali ni pauni ishirini na mbili.

Lyndon, meneja, amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake.
Saa ya simu imegeuka rangi ya chungwa.
"Kando ya kitanda," nauliza,
"kuna kamba ya kuvuta?"

Kimya.
Birika lake linaanza kuchemka, linazimika lenyewe.

"Ipo," anasema. "Nyekundu.
Inashuka mpaka sakafuni, eti ukiwa umeanguka uifikie.
Mwanangu aliniambia ni ya taa."

Sisemi kitu. Siruhusiwi,
na hata ningeruhusiwa.

"Nyumba ya wazee," anasema. "Haya, nimelisema. Umeridhika?"

Naweka alama. Mia mbili arobaini na mbili
zinakuwa sifuri, bila mlio wowote.
Lyndon anaenda zake.
Nilidhani nitajisikia mtu mwema.
Nimejisikia kama mng'oa jino,
aliyeshika kitu chenye damu kwenye koleo,
na mgonjwa anamwambia asante.

Notisi iko palepale, namwambia. Hiyo haina ukurasa.
Anasema anaelewa. Watu wa umri wake husema hivyo.

"Kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia leo?"
Ndivyo tunavyofunga. Lazima.

"Huo mfuko wa ruta," anasema. "Usiutume kule.
Wataniita mezani mbele ya watu. Utume hapa, kabla ya Ijumaa."

Leo ni Jumanne.
Mfuko huchukua siku tano za kazi.